Nilivyokaribia kuzama Kipini kwa kumwogopa mamba ambaye hakuwepo

Wakuu, habari za jioni. Nimesoma uzi wa yule ndugu anayetaka kupeleka watoto baharini sikukuu, nikakumbuka yangu. Siongezi chumvi, na shahidi wangu bado yuko hai, hunicheka kila tukionana.

Mimi ni binti wa Idsowe, huku Garsen. Mwaka uliofuata mafuriko ya El Nino nilikuwa na miaka kumi na tisa, na confidence ya kumwaga. Mto Tana nilikuwa naukata ng'ambo hadi ng'ambo.

Lakini kuogelea kwetu ni kwa wasiwasi. Kabla ya kuingia unapiga maji kwa fimbo. Ukishaingia ni mbio tu, macho huku na huku, kwa sababu ya mamba. Mama alikuwa na amri moja: "Majini hakulalwi."

Basi nikaenda Kipini kwa shangazi, pale Tana unapoingia baharini. Binti yake Zainabu, rika langu, akanipeleka ufuoni na tyubu ya lori. Mmoja anakalia, mwingine anasukuma, wimbi linatubeba hadi mchangani.

Wakuu, sijui niieleze vipi ile asubuhi. Maji vuguvugu, rangi ya chai ya maziwa kwa tope la mto wetu. Mwanga umetanda mpaka huoni bahari inaishia wapi. Nikajiambia, maji haya yamepita kwetu, yananijua.

Zainabu alishanionya, na maji kwao ni mai: "Mai yakianza kupwa, toka." Nikaitikia tu. Mtu wa mto aambiwe nini?

Alipotoka na tyubu kupumzika, nikabaki. Baadaye nikahisi mchanga unanikimbia chini ya nyayo. Kugeuka, nyumba za Kipini zimekuwa ndogo.

Nikafanya nilichokijua: mbio kuelekea nchi kavu. Napiga mikono, sisogei. Nikanywa maji ya chumvi. Niliogopa, wakuu, nilijua nakufa.

Zainabu huyo anakuja na tyubu, anapiga kelele: "Lala chali! Usishindane na mai! Yatakueka yuu!"

Kulala, eti maji yataniweka juu! Mwili wote ulikataa. Nazama, na bado ninachoogopa ni mamba.

Nililala nguvu zilipoisha, si kwa kutii. Masikio yakaingia maji, kelele zote zikazimika. Juu mbingu tupu. Maji yakanibeba kama mtoto mgongoni. Sijawahi kutulia vile maishani, hata nikasahau napelekwa wapi.

Zainabu akanifikia, nikashika tyubu. Hatukurudi moja kwa moja. Tulienda kando kando, sambamba na ufuo, mpaka mkondo ukatuachia, ndipo tukageukia nchi kavu. Tulipofika mchangani akanizaba kofi, kisha akalia. "Weye wataka nikamwambie nini mamako?"

Kwa hiyo ndugu, waulize wenyeji maji yanapwa saa ngapi. Mtu asiogelee peke yake. Akichukuliwa na mkondo asishindane nao, na watoto wajue kuelea kabla ya kujua mbio.

Wangu nimewafundisha wote. Wanalala juu ya maji utadhani wako kitandani. Mimi pia nalala, ila mpaka leo mguu mmoja naukunja, kwa ajili ya yule mamba.

Waliokulia mtoni mko? Hebu niambieni siko peke yangu.