Hina Kwenye Kiganja cha Yusuf

Nilikwenda Birmingham kwa sababu dada yangu Zaituni alidai mwanawe ameoa kwa siri. Alinipigia simu Tanga nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, na wala hakungoja shikamoo yangu. "Yusuf kapakwa hina," akasema. "Bibi yake mzaa baba, yule wa Uturuki, kanitumia picha. Mimi mama mzazi, hata jina la mkwe silijui. Njoo uniulizie, lugha yao unaijua wewe." Kweli naijua, nilisoma Konya, Uturuki, miaka mitano. Kisha akashusha sauti. "Na magazeti yao pia uniletee unisomee. Nasikia asker, asker, kila siku. Hilo neno halitaki mkalimani."

Yusuf ni mpwa wangu wa pekee. Alizaliwa hukohuko Birmingham, baba yake Mturuki, shemeji yangu Orhan. Mwaka jana Orhan alipofariki, kijana alimsindikiza baba yake kwenda kuzikwa kwao Kayseri, akabaki kwa bibi yake, na baada ya miezi michache akaingia jeshi la Uturuki kwa mkataba. Mama yake aliambiwa yuko ghalani, anagawa buti. Viza yangu ya Uingereza, ya ule msiba, ilikuwa haijaisha, nikafunga mkoba.

Siku ya pili, Istanbul. Nilikuwa na saa nne za kusubiri ndege, nikanunua magazeti matano. Yote yalikuwa na jambo moja: wapelekwe askari wa kulinda amani nchi jirani, au wasipelekwe. Moja liliandika kwa wino mwekundu, "Jirani akiungua, wewe utalala?" Jingine likajibu, "Tumeitwa na nani?" Mwandishi mmoja alisema askari wa amani haendi kupigana, anakwenda kusimama katikati. Mwenzake akamuuliza anayesimama katikati risasi humjia kutoka upande gani. Nilisoma mpaka macho yakauma. Wote waliandika "askari wetu", na katika kurasa zote zile sikukuta jina la askari hata mmoja.

Jioni ile nilifika Shard End, mtaa wa dada huko Birmingham. Dada alinifungulia mlango, naye mikono yake imepakwa hina mpaka vifundoni, maua na majani, kama yuko Tanga kwenye harusi. Alikuwa amepika pilau na kuwaalika wanawake wenzake wa mtaa wa Sparkbrook. "Kama hawakunialika, nami nimesherehekea kwangu," akasema, nusu anacheka, nusu ana hasira. Kiti cha Orhan kilikuwa palepale dirishani. Nilitaka kukikalia, akanielekeza kwenye kochi.

Asubuhi, saa mbili kamili, niliamshwa na sauti ya mwanamume sebuleni, inazungumza Kituruki polepole bila kupumua. Nikatoka na shuka kiunoni. Hapakuwa na mtu. Kwenye mkono wa kile kiti ilikuwapo tableti, inasoma magazeti peke yake. Orhan aliitegesha hivyo macho yalipoanza kumtupa, na tangu afe hakuna aliyeizima. Mwaka jana nyumba ilijaa waombolezaji, sikuisikia.

Zaituni alikuwa amesimama na birika, anasubiri. Sauti ilifika mwisho wa makala, ikasema sentensi moja ndefu yenye jina la Mungu ndani yake, nami nikamsikia dada yangu akiitikia taratibu, "Amina." Ndipo akamimina chai.

"Hiyo dua kila siku huisoma mwisho," akaniambia. "Nasikia Mola, nasikia amana. Naitikia kwa niaba ya Orhan."

Sentensi ile nilikuwa nimeisoma jana uwanja wa ndege. Mwandishi wake humalizia nayo makala zake zote. Inasema hivi: Mungu amewapa mama wa nchi hii amana, nao wataitoa, wala hawatauliza itarudi lini. Dada yangu alikuwa akiitikia amina kila asubuhi ya Mungu, na chai juu.

Halafu akanionyesha picha. Kiganja cha kulia cha kijana, kimefunuliwa mbele ya kamera. Hapakuwa na maua, hapakuwa na majani. Katikati palikuwa na doa moja la mviringo, jekundu, na kitambaa chekundu kimelegezwa kifundoni. Nikalijua mara moja. Kule Konya, familia niliyokaa nayo ilimpaka hina mtoto wao siku ya kumuaga. Bibi wa nyumba ile alinieleza bila kupepesa jicho kwamba hina hupakwa watatu: kondoo wa kuchinjwa, bibi harusi na askari. Kila mmoja ametolewa kwa mwenyewe: kondoo kwa Mungu, bibi harusi kwa mumewe, askari kwa nchi.

"Mkwe wangu anaitwa nani?" dada akauliza.

"Nitauliza," nikasema. Mwoga mimi. Siku nzima nilijifanya nina usingizi wa safari.

Mchana alikuja jirani, Mama Neema, Mkongo wa Uvira. Nilimkuta jikoni peke yake, nikamnong'oneza habari ya magazeti tu, ya hina sikuthubutu. Akasikiliza huku akimenya vitunguu. "Miye niliona bale baaskari ba amani kwetu," akasema. "Batoto tu. Mmoja alikuwa anakuja kwangu kununua ndizi, ananifundisha salamu ya kwabo. Siku moja hakukuja tena." Akafuta macho, vitunguu vile. "Sasa niambie. Hao benye kuandika, bameuliza batu ba kule kama banabataka?"

Nikafikiri magazeti yote matano. "Hapana," nikasema.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, ile sauti ikaanza tena. Ilipokaribia mwisho nilimwona dada anavuta pumzi aitikie, nami nikashindwa. "Dada, usiitikie," nikasema. Nikamtafsiria neno kwa neno. Kisha, kwa kuwa kinywa kilikwisha kufunguka, nikamwambia na ya hina.

Hakulia. Alitazama mikono yake, akaenda kwenye sinki, akakata limau na kuanza kuisugua kwa sabuni. Alisugua mpaka ngozi ikavimba. Hina ndiyo kwanza ilizidi kukolea.

"Lakini magazeti yanasema bado wanabishana," akasema mwishowe, kanipa mgongo.

"Bado wanabishana," nikamwambia. Bibi wa Kayseri hakuwangoja. Kiganja kilikwisha kujibu.

Alasiri Yusuf alipiga simu. Niwaeleze kwanza tabia yake: kijana huyu anaelewa Kiswahili chote, matusi na mafumbo, lakini tangu ana miaka sita hujibu kwa Kiingereza. Mama anauliza hivi, yeye anajibu vile, miaka yote. Simu ikawekwa mezani ili sote tusikie.

"Shikamoo mama," akasema.

Zaituni alishika ukingo wa meza. Sauti ilikuwa yake, ila aliyeongea nilihisi simjui.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, mama. Nakuomba radhi."

Kwetu hilo haliombwi ovyo. Huombwa na anayekwenda asikokuwa na hakika ya kurudi. Nani alimfundisha, sijui. Labda maneno hayo aliyasikia zamani mama akiongea na Tanga, akayaweka. Niliomba dada aseme upesi, maana mtoto asiende bila radhi za mama. Akaivuta simu karibu na mdomo.

"Radhi hazitolewi kwa simu," akasema. "Unaondoka lini?"

"Bado hawajatuambia. Labda wiki ijayo."

"Basi nakuja. Usiende popote."

Jumapili tuliondoka pamoja. Ufunguo alimwachia Mama Neema, na tableti akakataa kuizima. Istanbul tukaachana, yeye njia ya Kayseri, mimi njia ya nyumbani. Magazeti ya siku ile yalikuwa bado yanaulizana. Sikununua hata moja.

Siku ya tatu nikiwa Tanga, ujumbe wa sauti wa Mama Neema ulifika. Alikuwa amekwenda kumwagilia maua, saa mbili ikamkuta ndani. Ile sauti ikasoma nyumba tupu, ikafika mwisho, halafu kimya. "Miye sijui Kituruki," akasema, "lakini ilikuwa kama inangojea mutu ajibu. Nilitoka mbio."

Jioni ukaja wa dada. Walimruhusu kumwona Yusuf robo saa kwenye geti la kambi. Alimshika kiganja, lile doa limeanza kufifia. Wanaondoka Alhamisi.

"Nimempa nusu ya radhi," akasema. "Nusu iko Shard End, aje aichukue mwenyewe."

Niliyojifunza katika safari hii ni machache, na sehemu kubwa ningependa nisingeyajua. Sheikh wetu hapa mtaani nilipomsimulia alitikisa kichwa, akasema radhi hazigawanyiki. Nikamwambia, sheikh, wewe hujawahi kuwa mama.