Oili Niliyokipaka Kinanda cha Kanisa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na bibi yenu asisikie hilo. Nakusimulia kwa sababu juzi ulipita hapa nyumbani, ukanipa shikamoo yangu, ukaniambia kwa furaha kwamba kamati ya kanisa imekupa kazi ya kukitengeneza kile kinanda kikubwa cha mabomba kabla ya sikukuu. Nikakuuliza utaanzaje. Ukasema utaanza kwa kukipiga vanishi. Sikukujibu, na najua uliondoka ukidhani uzee umeniziba masikio. Masikio yangu ni mazima. Nilinyamaza kwa sababu nilijisikia mimi mwenyewe nikiwa na umri wako.

Nilikuwa seremala hapa Old Korogwe, kijana wa miaka ishirini na mitatu, na majivuno yangu yalifika mahali kabla yangu. Kinanda kile kililetwa na wamisionari zamani za babu zetu, kikiwa vipande ndani ya masanduku, kikabebwa mabegani kutoka stesheni. Wakati wangu alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyekijua, Mzee Hosea, Mshambaa wa Dindira, aliyefundishwa kukipiga na kukitunza tangu ujana wake. Mimi nilikuwa namvutia upepo. Kwa nyuma kulikuwa na mpini. Ukiukandamiza, mivukuto ya ngozi inajaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoyaliza mabomba. Bomba kubwa kuliko yote lilipolia nililisikia tumboni. Wewe hujawahi kukisikia kinanda hicho. Hakuna mtu wa rika lako aliyewahi kukisikia, na kosa ni langu.

Mwaka huo, Kwaresima ikiwa katikati, Mzee Hosea alifiwa na kaka yake, akapanda Dindira msibani. Aliniachia ufunguo wa kanisa. Akasema, "Elia, fagia vumbi la nje. Ndani usiguse, hata uone nini."

Siku ya tatu nikaona udongo wa mchwa ukipanda kwenye mguu wa nyuma wa kinanda. Roho ilinipaa. Hatukuwa na simu za mkononi, lakini gari la Dindira lilikuwepo kila asubuhi, ningemfikia mzee mchana wa siku hiyohiyo. Sikwenda. Nilijiambia kwamba mimi ni fundi na mchwa nawajua. Na kweli, nani hapa kwetu asiyejua dawa ya mchwa? Nguzo, fremu za milango, miti ya zizi, vyote tunavipaka oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini. Nikaenda gereji ya shamba la mkonge, wakanijazia debe. Nikaichanganya na mafuta ya taa ili ipenye vizuri.

Nilifungua ubao wa nyuma, nikapaka miguu, nikapaka kasha, nikapaka mabomba ya mbao ndani na nje. Na kwa kuwa sikuwa mvivu, nikaipaka hata ngozi ya mivukuto, nikidhani italainika kama kiatu. Mchwa walikufa wote. Nilirudi nyumbani nikiimba, na waumini wakaniita hodari.

Mzee Hosea alirudi siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi. Alipofika mlangoni alinusa tu, uso ukambadilika. Hakuniuliza habari za nyumbani. Alikwenda moja kwa moja akaketi mbele ya kinanda, akasema, "Vuta."

Nikavuta. Mpini ulishuka mwepesi, kama hakuna kitu upande wa pili, maana ngozi ilikuwa imelowa na kuachia kwenye mikunjo. Ikatoka pumzi ya mgonjwa. Halafu bomba moja likaanza kulia. Mzee akainua vidole vyake vyote, lakini bomba likaendelea kulia peke yake mpaka hewa ikaisha.

"Ulimuuliza nani?"

"Mzee, nilitaka kusaidia. Mchwa walikuwa wamesha..."

"Sikuulizi ulitaka nini, Elia. Ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

Akainama, akaupapasa ule mguu wa nyuma. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ule mguu ningeukata, nikaweka jiwe. Kazi ya asubuhi moja."

Hakunipiga wala hakunifukuza. Afadhali angenipiga.

Tulihangaika mwaka mzima. Aliagiza ngozi ya kondoo kwa Mmasai mmoja wa Handeni aliyejua kuikwangua ikawa nyembamba, tukaikata, tukaibandika. Gundi haikushika, kwa kuwa mbao zilikuwa zimeshanyonya oili. Tukazikwangua, tukazipaka majivu na chaki, tukazianika juani, zikapinda. Mzee alifanya kazi hiyo huku macho yake yanafifia, akipapasa kwa vidole. Hapo, mwanangu, nikatenda kosa la pili, na hili ndilo linaloniamsha hadi leo. Nilikuwa naye kila siku, na kwa aibu sikumuuliza lolote. Nilimpa kisu akitaka kisu, nikamshikia ubao, nikainamisha kichwa. Alikuwa anasubiri nimuulize, sasa naelewa. Alikufa wakati wa vuli ya mwaka uliofuata. Tulimzika Dindira, tukaimba kwa midomo mitupu, na yote aliyoyajua yakaenda naye.

Kwa hiyo nakuomba, usikipige vanishi. Kifunike kwa shuka safi, zibeni paa panapovuja, pandisheni miguu yake juu ya mawe. Andika kwenye daftari kila bomba liko wapi na lina hali gani, kabla mtu hajalisogeza. Kisha iambie kamati itafute mtu anayevijua vinanda hivi, hata kama yuko mbali, hata kama sikukuu itapita na nyingine ije ipite. Wakikuona mzembe, waache wakuone hivyo. Mimi waliniita hodari kwa siku kumi, na kinanda kimekaa kimya maisha yangu yote tangu hapo. Ukikuta kitu cha zamani, mwanangu, usikiguse mpaka umemuuliza anayekijua, na ukishakosea, usiiache aibu ikufunge mdomo. Sijui mengi. Lakini machache niliyoyaona mikono ya Mzee Hosea ikiyafanya, nitakuonyesha ukija, nami naomba uje upesi.

Mungu akutunze, aitunze na mikono yako. Akupe wa kumuuliza angali hai. Na siku zako zikiwa chache kama zangu, akupe wa kukuuliza.