Meza ya Kushika Mbao

Nilipohamishiwa Ruangwa kufundisha, nilibeba godoro, vyombo vichache na sanduku la zana za marehemu baba, aliyekuwa seremala huko kwetu Njombe. Kabla ya hapo, Nachingwea, nilikuwa nimepanga nyumba moja na mwalimu mwenzangu. Nikikata mbao, yeye alizikalia zisicheze, huku akisahihisha madaftari na kunisimulia vituko vya darasani. Ruangwa sikuwa na mtu wa kuzikalia. Siku moja niliubana ubao kwa goti, msumeno ukaruka, ukanikata kidole gumba. Nilikaa barazani nimekishika kile kidole, nalia, na si kwa maumivu.

Nikaamua kujitengenezea meza ya useremala, itakayoshika ubao yenyewe.

Niliichora kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha uani. Kimo nilikipima kwa mwili wangu: nikisimama wima, uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono, ili nikiranda nisukume kwa uzito wa mwili mzima. Ya baba ilikuwa juu zaidi, alikuwa mrefu. Miguu niliipanga iwe minene, iungane kwa ulimi na tundu, bila misumari. Na kwa kuwa natumia mkono wa kushoto, jiriwa ya kubania mbao niliihamishia upande wa kulia.

Jirani yangu, mama mtu mzima, mkulima wa Nambilanje aliyekuja kumuuguza dada yake, alichungulia mlangoni.

"Mwalimu, kitanda hicho?"

"Shikamoo mama. Hapana, ni meza."

"Marahaba. Watakula watu wangapi?"

"Si ya chakula, mama. Ni ya kunishikia mbao nikikata."

Aliitazama ile michoro. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimechanganyika na Kimwera, lakini alilotaka kuuliza aliliuliza.

"Kwani watu wameisha?"

Nikarudi kwenye chaki yangu.

Kesho yake alasiri alikuja na mihogo ya kuchemsha, akaukalia ubao wa mninga bila kuombwa. "Kata, mwanangu," akasema. Nikakata miguu yote minne, yeye akihama nao kila nilipousogeza. Nilipomaliza nilitamani miguu ingekuwa sita.

Dada yake alipopata nafuu, yule mama alirudi Nambilanje kuwahi palizi. Uso wa meza niliupandisha mwenyewe, ncha moja kwanza, kisha nyingine, nikipumzika katikati.

Meza ilisimama imara. Nikabana ubao wa rafu, nikasukuma randa, maranda yakajikunja na kuanguka miguuni pangu. Ubao haukutikisika hata kidogo. Nikaranda mpaka ukawa laini, kisha nikaugeuza na kuranda upande wa pili pia, ingawa huo ungetazama chini na hakuna ambaye angeuona. Nje watu walikuwa wakirudi kutoka sokoni, wakisalimiana. Sikuwa na haraka ya kufagia.