Tulichagua nyumba tukijua tunarudi kwetu

Ndiyo, anang'oka. Jibu langu ndilo hilo kabla hamjaniuliza, maana naona humu mnang'oana macho huyu mbunge wenu anatoka au hatoki.

Anatoka. Halafu?

Wakuu, miye bibi wa Lushoto, darasani sikukaa, naongea tu simu inaandika. Ninachosema nilikiona kwa macho haya.

Enzi za vijiji vya ujamaa tulikuwa na mbunge tukimwita Kipaza, kama kameza spika. "Ndugu wananchiii! Shukeni barabaraniii! Maendeleo hayapandi mlimaaa!"

Kwetu kulikuwa juu huko Malindi, hii ya milimani Lushoto, si ile ya pwani. Migomba, mfereji unapita mlangoni, makaburi ya wazee. Mgambo wakaja wakaezua nyumba, tukamwagwa kando ya barabara kwenye vibanda vya nyasi. Na ile baridi mnaijua.

Mama mkwe wangu hakutaka kingine. Afie kwake, azikwe ubavuni mwa mumewe.

Uchaguzi ukafika. Chama kimoja, wagombea wawili, kila mtu na picha yake ya alama kwenye karatasi ya kura, kwa sisi tusiojua kusoma. Kipaza akapewa jembe. Mwenzake, mwalimu mmoja mpole, akapewa nyumba.

Weee! Aliyetubomolea kashika jembe, huyu kaja na nyumba. Mlitaka tufikirie nini?

Mume wangu ananong'ona kama panya ghalani, "Mama Ruthi, weka jembe, watatujua." Nikamwambia, mgosi, jembe kaweke wewe, miye nataka kwangu.

Kituoni mama mkwe akaishika karatasi, akaigeuza geuza. "Baba, hii nyumba ndiyo ile yangu ya juu?"

Msimamizi, sauti ya puani, "Bibi, weka alama, hairuhusiwi kuongea!"

"Sasa mbona mlango wameuweka upande mwingine?"

Kipaza alianguka, wakuu, akaanguka vibaya! Vigelegele mpaka makoo yakakauka.

Matokeo kutoka tu, wanawake tukajitwisha vyungu, mikeka, kuku, tukaanza kupanda mlima. Mama mkwe mbele, anaimba.

Mgambo wale wale wakatuzibia njia. Tukakaa chini pale pale, tukasema hatuondoki, tunamtaka mbunge wetu mpya.

Ndiyo maana nikiwasikia na huo wimbo wenu wa "atoke, atoke" damu inanichemka. Mtoeni hata kesho, mpumbavu yule! Ila huyo anayeingia mmemuuliza nini? Kaahidi kwa mdomo wake, au nyinyi ndio mmemsemea, kama sisi? Mwenye kubisha abishe hapa hapa, bibi yenu nipo, usingizi wenyewe sina.

Basi mbunge akaja, yule mpole wetu. "Shikamoo bibi."

Mama mkwe akamshika mikono yote miwili. "Marahaba mwanangu. Hebu waambie hawa watupishe, tunakwenda kwenye ile nyumba uliyotuonyesha."

Akatazama viatu vyake. Akajibu taratibu, kama yuko kanisani,

"Bibi, ile ilikuwa picha tu."