Bibi Aliyetunza Mapagale

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Ofisini wananiambia nimekosea mlango, ningefaa kule bungeni.

Serikali ilipohamia Dodoma, nasi makarani tulihamia nayo, na kila mtu akashikwa na homa ya kiwanja. Mimi na mume wangu tulipata chetu Miyuji. Tukajenga kama wajengavyo watu wa mshahara: mwaka huu msingi, mwakani kuta, halafu unakaa unangoja Mungu afungue njia. Sasa nyumba ikisimama hivyo bila mtu, wezi hawakawii. Leo wamebeba mbao, kesho nondo. Kwa hiyo unaweka mtu ndani ya pagale. Anakaa bure, anakulindia vifaa, anamwagilia kuta asubuhi na jioni zisipasuke kwa jua hili. Nyumba ikiisha, anatoka. Hakuna mkataba, kila mtu anaelewa.

Mtu wetu alikuwa Bibi, mama wa Kigogo aliyeletwa na fundi. Mjane, miaka sitini na kitu, mwembamba, lakini ndoo ya lita ishirini anaipandisha kichwani peke yake. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama tunavyoulizana sote nchi hii: "Kwenu wapi, Bibi?"

Akataja kijiji fulani njia ya kwenda Mvumi. Basi, roho yangu ikatulia. Mtu akishataja kwao, unadhani kuna mlango unamngoja huko.

Akakaa nasi miaka minne. Chumba chake kilikuwa kile ambacho leo ni chumba chetu cha kulala. Alizibia dirisha kwa bati na mlango kwa turubai, akapika kwa mabaki ya mbao za fundi. Mvua za Januari zilimnyeshea humo kabla hatujaezeka, na nilipompa pole alicheka, akasema ukuta umepata maji ya bure.

Kisha mambo yakatunyookea, tukamaliza kwa mkupuo. Fundi wa marumaru akasema Jumatatu anaanza, Bibi apishe. Nami nikaamua kumuaga vizuri, si kama wale wanaomwambia mtu jioni kwamba kesho asionekane. Nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikamnunulia doti ya kanga na gunia la mahindi, nikaomba ruhusa kazini nimsindikize mwenyewe mpaka kwao. Wallahi nilijiona mtu mwema. Nilikuwa nimewasimulia ofisi nzima.

Njiani Bibi alitazama kila nyumba tuliyoipita. Nilidhani ni furaha.

Kijijini tulipokelewa na mke wa mtoto wa kaka yake. Mama wa watu alipiga vigelegele, akamtolea Bibi kigoda, akachinja kuku. Tukala ugali wa uwele, tukanawa. Halafu akanivuta nyuma ya nyumba.

"Dada, samahani. Shangazi anakaa siku ngapi?"

"Siku ngapi tena? Amerudi kwao!"

Hakunijibu kwa ukali, na ukali ningeuelewa zaidi. Alinieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nyumba ina vyumba viwili na watu saba. Shamba la baba yao waligawana watoto wa kiume. Bibi aliolewa akaenda kwa mumewe, mume akafa, ndugu wa mume wakachukua nyumba, ndipo akashuka mjini. Zamani sana hiyo, hata yeye anayenisimulia alikuwa hajaolewa kuingia ukoo ule.

"Tunampenda," akasema. "Ila hapa ni mgeni wetu."

Pale ndipo nilipotakiwa kufunga mdomo nifikiri. Mimi nani! Nikacheka, nikamwambia, "Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Jembe analo, lile pale kwenye mizigo." Yeye hakucheka. Jembe la kulima wapi, hilo sikujiuliza. Nikamuaga Bibi, nikapanda gari, na jioni nikamwambia mume wangu kwamba tumemfikisha salama.

Tulihamia mwezi uliofuata. Jumamosi moja asubuhi natoka dukani na mkate, viwanja vitatu kutoka kwangu nikamwona mtu anamwagilia msingi mpya kwa kopo. Kanga yangu ile ile niliyomnunulia, kajifunga kiunoni.

Damu ilinichemka, nakiri. Niliona nimedharauliwa. Nikamvamia hata salamu sikutoa: "Bibi! Si nilikupeleka kwenu?"

"Ulinipeleka, mwanangu. Nikawasalimia. Mahindi tukala pamoja. Nikarudi."

"Sasa unalala wapi?"

Akanyoosha mkono kwenye kibanda cha mabati cha kuwekea saruji, pembeni ya mchanga. Nilichungulia. Mifuko ya saruji imepangwa mpaka juu, na palipobaki mtu hawezi kunyoosha miguu. Hasira ikaniishia pale pale, ikabaki aibu, na aibu mimi siijui namna ya kuibeba.

Nikamuuliza hii ni nyumba ya ngapi. Akahesabu kwa vidole, akitaja kila mwenye nyumba kwa kazi yake: mwalimu, nesi, wa mahakama, askari, muuza sukari, mimi. Yangu ilikuwa ya sita. Zote amezilea mpaka zikapata madirisha, zote akatoka. Wote walimuuliza kwao ni wapi, na wote aliwajibu. "Ungemjibuje mtu," akasema, "kwamba huna?"

Kwangu uani kuna chumba kimoja. Mume wangu alikuwa ameshaongea na mwanafunzi wa chuo akipange. Nikasema bila kufikiri, na kwa mara moja sijutii kusema bila kufikiri: "Bibi, njoo ukae kwangu uani."

Akaliweka kopo chini, akanitazama. "Mpaka lini?"

Jibu nililijua. Kwao mtu ni pale watakapomzika, na yeye alikuwa ananiuliza kama nitamzika. Nilitakiwa niseme, mpaka siku yako, Bibi, na sisi ndio tutakaokulilia. Mdomo wangu wote huu, nikamfikiria mume wangu, nikamfikiria yule mwanafunzi, nikasema:

"Tutaona."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakukasirika. Akageuka akautazama msingi, akaupima kwa macho toka kona hadi kona.

"Mwenye kiwanja hiki ndiyo kwanza ana msingi," akasema. "Msingi ni miaka mitatu, minne. Wewe ya kwako imekwisha, mwanangu."

Akaokota kopo, akaendelea kumwagilia.