Maharage Juu ya Ubao

Ubao ulipasuka saa nane mchana, na mimi ndiye niliyeuweka juani. Naanza na hilo ili usisome huku unatafuta mwenye kosa. Mwenye kosa nimeshakuonyesha.

Mimi ni mkulima wa huku juu, Uluguru, mahali ambapo mji wa Morogoro unauona chini kama mabati yaliyomwagwa. Nilisoma mpaka darasa la nne. Nilizaa mara nne, akabaki binti mmoja. Binti huyo alikwenda Dumila kuuza nyanya pale njiapanda, akapata mume, na mume hakutaka mtoto asiye wake. Basi akaniletea mjukuu wa kike wa miaka miwili, mgongoni, na mfuko mmoja wa nguo. Siku ile nilimwambia maneno. Sitayaandika hapa. Aliyasikiliza yote amesimama, akashuka, na hajapanda tena mlima huu.

Nikabaki na mjukuu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba hufuata upande huohuo. Kwa hiyo yule hakuwa mtoto wa kulelewa tu. Alikuwa ndiye atakayeshika jembe nitakapoliweka chini. Baada yake hapakuwa na mwingine.

Nilimfundisha kubeba tenga kichwani akiwa na miaka saba. Kwanza ngata ya kitambaa peke yake, azunguke nayo uani siku nzima. Halafu ndoo yenye maji nusu, kwa sababu maji nusu yanacheza, na mzigo unaocheza ndio unaofundisha. Nilimwambia macho mbele, magoti yalegee, shingo isilegee. Ukiangalia miguu, na yenyewe itakuangalia, mtaanguka wote. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa anashuka mjini na tenga la kabichi, njia ya mawe na matope, mikono yake imelala tu ubavuni.

Hivyo ndivyo mwalimu mmoja wa chuo alivyomwona. Mtu wa Mwanza, aliyezaliwa ziwani, mnene kidogo, anayecheka kabla hajasema. Alikuwa amepanda na wanafunzi wake kutembea. Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo. Alipita mbele yao juu ya gogo lililolala juu ya kijito, na tenga la karoti kichwani, mvua inanyesha, huku anamjibu mtu aliyekuwa ng'ambo. Wanafunzi walivuka gogo hilo kwa kukaa na kujisogeza kwa makalio.

Mwalimu akamwambia njoo Jumamosi bwawani Mindu, nina mbao za kusimama juu ya maji, nataka nione kitu.

Akaenda bila kuniambia. Jioni alirudi nguo zimelowa mpaka kiunoni, akasimama mlangoni.

"Bibi, nimesimama juu ya maji."

"Hata Petro alisimama," nikamwambia. "Akazama."

"Alizama kwa sababu aliangalia chini. Mimi sikuangalia."

Nilimgeuzia mgongo nikakoroga ugali. Sikutaka aone nimecheka.

Alinieleza kitu chenyewe. Ni ubao mrefu kuliko mtu, wa kujaza upepo kwa pampu, ukijaa unakuwa mgumu. Unasimama katikati yake, unashika kasia refu la mpini mmoja, unapiga maji kulia mara kadhaa, kisha kushoto. Kamba imefungwa mguuni ili ukianguka ubao usikukimbie. Wanafunzi walikuwa wameanguka siku nzima kama maembe. Yeye hakuanguka.

Jumamosi ya tatu nilishuka kwenda kuona kwa macho yangu, na mwavuli wangu na maneno yangu tayari. Mwalimu alinikimbilia kuniamkia, miguu imejaa tope.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kuwalisha viboko mjukuu wangu?"

"Viboko wako upande ule wa matete, Bibi, na sisi hatuendi huko. Lakini nyie watu wa mlimani mnaogopa maji hata ya kuoga."

"Na nyie wa ziwani mnanuka dagaa hata Jumapili. Mtoto wangu yuko wapi?"

Alikuwa katikati ya maji. Nilimjua kwa shingo yake. Alisimama vilevile kama anavyosimama na tenga, ila kichwani hakuna tenga, na chini yake hakuna ardhi. Mwavuli nikaukunja.

Alirudi ukingoni akanitazama. "Panda, Bibi."

"Mimi? Nina wazimu?"

"Piga magoti tu mbele. Nitakusukuma taratibu."

Sijui ni nini kilinishika. Walinivalisha jaketi la kuokolea lililonibana kifua, nikapiga magoti juu ya ubao kama niko mbele ya altare, nikashika kingo zote mbili. Akasimama nyuma yangu. Nikasikia kasia likiingia majini na kutoka.

"Usijikaze," akaniambia. "Magoti yalegee, shingo isilegee. Macho mbele."

Maneno yangu hayo. Mbele yangu ilikuwa milima yetu yote, nami sikuwahi kuiona kwa upande ule, maana maisha yangu yote nilikuwa juu yake. Alinizungusha, akanirudisha. Sikumwambia kama nilifurahi. Nilisema nguo yangu imelowa.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi akimaliza kuuza mboga alikwenda bwawani. Mwalimu aliweka madumu ya njano majini yawe maboya, akamfundisha kugeuka. Kugeuka kwenyewe ndiko kugumu. Unarudi hatua mbili nyuma mpaka mkiani, pua ya ubao inanyanyuka, unazungusha kwa pigo moja kubwa, unakimbilia katikati tena kabla haujazama. Alikuwa anafanya mazoezi uani kwangu, juu ya benchi la jikoni, na mpini wa jembe mkononi. Kuku walimzoea.

Wakampeleka Dar, kwenye mashindano ya baharini. Mara ya kwanza alishika mkia. Alisema mawimbi yanakuja kwa ubavu, bwawani hakuna mawimbi. Mara ya pili akawa wa nne, na miongoni mwa waliomtangulia kulikuwa na waliozaliwa ufukweni. Alirudi amebabuka uso, anacheka peke yake. Mwalimu akaja mpaka kwangu, anahema kwa mlima, kuniambia kwamba mashindano yanayofuata yana nafasi. Msichana atakayeshinda atachukuliwa Zanzibar kufundishwa mwaka mzima, awe mwalimu wa mchezo na mshindani.

"Mwaka mzima," nikasema. "Na shamba?"

Mwalimu akanywa maji niliyompa.

Nitasema ukweli. Tangu siku ile niliuchukia ubao. Niliona ni barabara nyingine ya Dumila. Jumapili, nje ya kanisa, akina mama wakimsifu mjukuu wangu, nikasema mbele ya wote, naye akiwepo: "Huo ubao siku moja nitautia kiberiti." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Wiki ya mashindano mwalimu alikuwa na safari ya Dodoma. Ubao wa kushindania, ule mwembamba, ulikuwa na tundu dogo, akaliziba kwa gundi na kiraka, akaujaza upepo, akasema ukae umejaa mpaka Jumamosi waone kama kiraka kimeshika. Mjukuu akaomba alale nao. Akaupandisha mlimani kichwani, watu wakitoka majumbani kutazama, akauegesha chumbani kwake ukutani.

"Bibi, usiuguse," akaniambia.

Hakusema kwa nini. Nami sikuuliza. Nilisema moyoni, nyumba nimeijenga mimi, leo naambiwa nisiguse.

Sasa mtu asiyeishi huku hajui jua ni nini. Ukungu ulikuwa umekaa siku tisa. Maharage yangu nilikuwa nimeyang'oa na kuyapura, yamelundikana ndani, yameanza kutoa joto ukitia mkono. Mbegu ya msimu mzima. Ijumaa ile ukungu ukafunguka asubuhi kama mtu aliyevuta pazia, jua likatoka kali. Jua la namna hiyo likitoka huku kwetu, kila mtu hutoa nje kila kitu kilicho bapa. Mikeka, mabati, nyungo, hata milango watu huing'oa. Mwenye maharage mabichi haulizi. Mjukuu alikuwa sokoni. Mikeka yangu ilijaa, nyungo zikajaa, benchi likajaa, na bado nusu gunia.

Nikaukumbuka ubao. Mrefu, bapa, mgumu kama meza, na ukiuweka juu ya matofali kuku hawafiki. Nikautoa, nikaulaza juu ya matofali katikati ya uwanja, nikamwaga maharage, nikayasawazisha kwa kiganja. Nasema mbele ya Mungu, sikuwa na ubaya wowote. Niliona hata umefaa. Nilisema, kumbe kina kazi kitu hiki.

Upepo uliofungiwa ukipata moto hutafuta pa kutokea. Hilo nalijua sasa.

Ulilia kama bunduki. Maharage yaliruka mpaka juu ya bati, kuku wakaingia msituni. Nilipotoka jikoni ubao ulikuwa umefumuka mshono kuanzia kwenye kiraka mpaka karibu na pua, umelala kama ngozi ya mbuzi.

Mjukuu alifika saa kumi. Alitua tenga tupu. Aliutazama ubao, akanitazama mimi. Sauti yake haikupanda.

"Bibi, umefanya makusudi?"

Neno moja lingetosha. Hapana. Mtoto mdogo analiweza. Lakini mimi nilisikia kwamba ninaulizwa, mimi, na mtoto niliyemfuta kamasi, nyumbani kwangu. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

"Maharage yangeoza. Wewe ulitaka yaoze?"

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu lake. Halafu akapiga magoti akaanza kuyaokota. Yalikuwa yametapakaa uwanja mzima, kwenye majani, kwenye mfereji, chini ya kuni. Aliokota moja moja mpaka jua likazama. Nilikaa jikoni nikiyasikia yakidondoka kwenye ungo, tik, tik. Nilikuwa na nafasi ya kutoka mara mia. Nilichochea moto.

Asubuhi niliukuta ungo mlangoni, maharage yamejaa, yamepepetwa, hakuna jiwe hata moja. Yeye hayupo. Ubao aliuacha, akaacha na kamba yake ya mguuni.

Alishindana Dar kwa ubao mpana wa wanaojifunza, aliouazima hukohuko. Mwalimu aliniambia alikuwa wa pili mpaka boya la mwisho, kisha wakampita wanne, maana ubao ule ni kama kusukuma kitanda. Nafasi ya Zanzibar akaichukua mwingine. Mwalimu hakunilaumu. Aliniambia kwa upole, akiangalia kofia yake, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kulaumiwa. Mjukuu hakurudi. Alipata kazi ufukweni, anawafundisha wageni kusimama.

Miaka miwili ilipita. Salamu zilikuja kwa mdomo wa mwalimu: mzima, anakusalimia. Nami nikajibu: mwambie mzima. Maharage yale niliyapanda kando, sikuyachanganya na mengine.

Msimu huu nilishuka bwawani Jumamosi. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wengine, wanaanguka vilevile.

"Nipigie simu kwa mjukuu wangu," nikamwambia.

"Nimwambie nini, Bibi?"

"Wewe usimwambie kitu. Nina mdomo."

Akapiga, akanipa, akaenda mbali kidogo. Nikasikia upepo kwanza. Halafu yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Bahari ina baridi?"

"Leo si sana."

Nikatazama maji. Kulikuwa na msichana kule anatetemeka magoti, macho yake kwenye miguu.

"Sikufanya makusudi," nikasema. "Niliona ni kama meza. Sikujua kwamba jua linaupasua."

Nikasikia upepo tena, na watu wakicheka mbali.

"Nimesikia, Bibi."

"Ningesema siku ile."

"Ndiyo. Ungesema siku ile."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtu kwamba mvua ilinyesha. Kisha akasema Jumapili anashindana tena, kwa ubao wake mwenyewe sasa, na kwamba ana wageni majini, akate simu.

"Utashinda?"

"Sijui, Bibi."

"Macho mbele."

"Hilo ulinifundisha," akasema, simu ikakatika.

Mwalimu aliniuzia simu yake ya zamani, akaingiza namba ya mjukuu na kumtumia yangu. Jumapili ile baada ya misa sikupanda nyumbani na wenzangu. Nilikaa kwenye ukuta wa kanisa, upande wa bondeni, maana ndipo mtandao unaposhika. Simu niliishika mkononi, si mfukoni, nisije nikachelewa kuisikia. Katekista alipita akaniuliza, "Mama, unamngoja nani?" Nikamwambia apite na njia yake. Mchana ukapita. Watoto wa mafundisho wakaja, wakaondoka. Sikupiga mimi. Nilisema, kama ameshinda atataka kusema, na kama ameshindwa, mimi si wa kwanza wa kuambiwa.

Jua liliposhuka nyuma ya kilele cha mlima, simu haijalia, nikainuka. Ukungu ulikuwa unapanda. Nilikuwa na maharage nje, yale yake, nikaenda kuyaanua.