Kadi niliyomkabidhi mama mkwe: tulivyolipia matibabu India bila makato ya kuumiza

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Kama una safari ya nje, usiruke mstari.

Mimi ni mwalimu, naishi Kasulu. Mke wangu kwao ni Kibondo. Mama yake alianza kupoteza macho, ikafika mahali anachambua maharage kwa kupapasa. Jicho moja likazima kabisa. La pili tukashauriwa tuliwahishe India.

Mke wangu alikuwa mjamzito, hawezi safari. Shemeji zangu hawana pasipoti. Nikabaki mimi.

Kwa wasiojua, kwetu Waha mama mkwe si mtu wa mazoea. Mkikutana njiani unachepuka. Akiongea nawe anakuita "ninyi" kama vile mko watu kumi. Sasa naenda naye bara lingine, wawili tu! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Turudi kwenye pesa.

Nilipanga kwenda na kadi yangu ya mshahara, basi. Mwenzangu wa kazini aliyewahi kusoma nje akanishtua.

"Ticha, hiyo kule kila ukitoa, benki yako inakata, ATM yao inakata, na shilingi inageuzwa kwa bei wanayotaka wao. Kaulize kwanza."

Nikazunguka benki za mjini na swali moja: nikilipa nje, mnakata nini na nini? Kwingine niliambiwa "makato ni ya kawaida tu". Ya kawaida ndiyo yapi? Nikaaga.

Benki ya mwisho, dada mmoja wa kaunta akanikalisha, akanielewesha. Kuna kadi ya kujaziwa dola ukiwa nyumbani. Ukilipia moja kwa moja kwenye mashine, makato ni madogo. Ukitoa cash yanapanda, kwa hiyo utoe mara chache. Akaongeza:

"Mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa pesa ya kwao, chagua ya kwao. Ukichagua dola, wanakubadilishia kwa bei mbaya."

Nikachukua hiyo. Michango yote ya ukoo ikaingia humo.

Kwa kuogopa wezi, nikazitenganisha kadi. Ya mshahara nikabaki nayo, ya dola nikampa mama.

"Mama, hii ndiyo operesheni yenyewe."

"Nimesikia, baba. Mtaikuta."

Tumefika, vipimo vimekwisha, tukaambiwa tulipe ndipo jina liingie kwenye orodha ya upasuaji wa kesho yake. Nikaona haya kumwomba mama mbele za watu, nikasema nianze kulipa kiasi na ya mshahara, ya dola imalizie. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Kumbe haikuwa imefunguliwa kutumika nje ya nchi, na mimi sikuwa nimeuliza.

Nyuma yangu foleni ndefu. Jasho linanitoka kwenye AC.

"Mama, naomba ile kadi."

Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, geukeni."

Wakuu, kadi ilikuwa kifuani! Ameifunga kwenye kitambaa, kitambaa kimeshonewa kwenye sidiria kwa uzi. Nikageuka, nikatazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nasikia nyuzi zinakatwa kwa meno. Wahindi wote wananitazama mimi.

"Haya, geukeni tena."

Kadi ilikuwa ya moto. Nikaichomeka. Mashine ikauliza: dola au rupia? Keshia akanionyesha dola, eti ndiyo rahisi kwangu. Nikabonyeza rupia.

Ikakubali.

Mama akasikia risiti inatoka. "Wamepokea?"

"Wamepokea, mama."

Akashika mkono wangu. Hajawahi kunishika tangu nimuoe binti yake. "Urakoze, mwana wanje." Yaani asante, mwanangu.

Upasuaji ukaenda salama. Walipomfungua bandeji alitazama dirisha, akatazama viganja vyake, ndipo akanigeukia mimi. Akaniangalia muda mrefu.

"Kumbe na ninyi mmeanza mvi!"

Jioni nikamletea wali, nikataka kutoka ale peke yake kama desturi. Akavuta kiti.

"Kaeni. Huku hakuna Mha wa kutuona."

Tukala sahani moja.

Nilichojifunza: msiulize kadi ipi nzuri, ulizeni inakata nini ukilipa na inakata nini ukitoa, na hakikisheni imefunguliwa kutumika nje kabla hamjapanda ndege. Bebeni mbili. Lipeni kwa pesa ya nchi mliyopo. Na ya pili mpeni mtu anayejua kutunza.

Mliowahi kusafiri, nyie mlitumia kadi gani na makato yalikuwaje? Dondosheni hapa, kuna watu wana wagonjwa wanasubiri majibu yenu.

Mama yuko kwangu sasa, anambembeleza mjukuu. Kila jirani akiingia anamwambia kwamba mtoto kachukua pua ya baba yake, ameiona mwenyewe.